Msumari Wangu kwa Kinyozi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Niliacha shule darasa la nane, na mkono wangu umezoea msasa kuliko kalamu, kwa hivyo herufi zangu zinalala upande kama watu waliochoka. Mahali nimekosea tahajia, someni kwa sauti na mtasikia nilichotaka kusema. Tena naandika polepole. Nilipoanza ukurasa huu nilikuwa nimetoka kunyoa, na sasa kidevu kimeanza kukwaruza tena.

Nataka kuwaandikia juu ya kinyozi mmoja wa mtaa wa Tena, hapa Nairobi. Jina lake nalijua lakini sitalitaja, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa majina. Nitamwita Kinyozi, na nikiwa naye nilimwita Mzee, kama kila mtu.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kando ya barabara, kati ya mama wa mboga na fundi wa viatu. Ndani kulikuwa na kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona, benchi ya wateja, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka zamani. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa mbao, na mbao hizo zilikuwa na misumari. Kwenye kila msumari ulining'inia wembe wa kukunja, ule wa zamani ambao makali yake yanalala ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Kila wembe ulikuwa umefungwa uzi wa rangi yake.

Nywele alinyoa kwa mashine kama vinyozi wote. Lakini ndevu hakukunyoa ila kwa wembe wako mwenyewe. Unauleta, anauhifadhi kwenye msumari wako, na hakuna mwingine atakayeguswa nao mpaka ufe.

"Wembe ni kama mswaki," alisema. "Wewe unaweza kukopesha mtu mswaki?"

Mambo hayo yalianza kabla sijazaliwa. Zamani, alisema, kinyozi alikuwa na wembe mmoja kwa watu wote, anaupangusa kwa aproni na kumwita anayefuata. Kisha ule ugonjwa ukaingia mjini na watu wakaogopa. Vinyozi wenzake walitupa nyembe zao wakanunua mashine. Yeye akanunua misumari.

Kwa hivyo pale kibandani watu hawakuitwa kwa majina yao. Waliitwa kwa nyuzi. "Nyekundu, keti." "Kijani hajaonekana wiki hii." Nyekundu alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mzee mnene wa Buruburu, ambaye alikuja hata siku ambazo hakuwa na ndevu za kunyolewa. Alikuja kuongea. Kama hamjawahi kumsikia dereva wa lori aliyestaafu akiongea, basi fikirieni lori lisilo na breki.

Mimi niliitwa kijana. "Wewe kijana, mashine?" "Ndiyo, Mzee." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa muda mrefu. Mashine iliniachia vipele shingoni, na vumbi la kazini likavifanya viwe vibaya zaidi. Napiga msasa vitanda katika karakana ya samani karibu na barabara ya Jogoo, na kule mwenye karakana hupenda kuniita "wewe." Nilitembea nimeinua kola hata jua likiwaka. Lakini sitawadanganya kwamba nilikuwa nataka wembe kwa ajili ya vipele. Baba aliondoka kwenda kutafuta kazi Mombasa nikiwa mdogo, akapata kazi, akapata na nyumba nyingine. Hakuna aliyenionyesha kunyoa. Nilikaa kwenye ile benchi nikaangalia ile misumari, na nilichotaka ni siku moja huyo mzee aangalie ukuta kwanza, ndipo aniangalie mimi.

Alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Nywele zake mwenyewe zilikuwa mbaya sana. Alijinyoa peke yake kwa vioo viwili, kwa hivyo mbele alikuwa nadhifu na kisogoni alikuwa kama shamba lililolimwa na mtu anayekimbizwa na mvua. Nyekundu alimwambia mara nyingi, "Mzee, nenda kwa kinyozi." Yeye alijibu kwamba hajaona wa kumwamini hapa mtaani.

Wateja aliwaambia, "Usikimbize. Uso hauendi mahali." Alilisema hilo mtu akiangalia saa, au akisema matatu zitajaa. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Mama wa mboga alimletea kikombe saa nne, na kila siku aliinywa ikichemka, akaungua ulimi, kisha akamlaumu mama wa mboga kupitia dirishani.

"Umeniletea moto tena."

"Mzee, si ungoje?"

"Ningoje nini na nina kiu?"

Redio yake haikuzimwa. Alibishana nayo. Msomaji wa habari akisema hivi, yeye husema vile, na akimaliza kusema humwangalia Nyekundu ili amuunge mkono. Lakini akishaushusha wembe kutoka kwenye msumari, kitu cha kwanza alizima redio. Halafu aliinua kidole, na hata Nyekundu alinyamaza. Alinoa wembe kwenye ukanda wa ngozi uliofungwa mlangoni, kwenda na kurudi, kisha akaanza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwa anaangalia. Macho yalikuwa wazi, ndiyo, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Alinyoa kwa masikio. Wembe ukienda vizuri unasikika kama karatasi ikichanwa taratibu. Ukienda vibaya unasikika kama msumeno kwenye mbao mbichi. Hilo la msumeno nililielewa mara moja, kwa sababu ndiyo sauti ninayoisikia siku nzima.

Kulikuwa na wakati mwingine mmoja tu ambapo watu walinyamaza pale, nao ni wakati wa matangazo ya vifo. Kinyozi aliongeza sauti ya redio na kugeukia ukuta. Akisikia jina la mtu wake, aliendea msumari akaugeuza ule wembe, uzi ukatazama ukutani. Hakuushusha. Kulikuwa na nyembe zilizotazama ukuta kwa miaka. Nyekundu alimwambia siku moja, "Hizo za marehemu si utoe? Zinakula nafasi."

"Zinakula chakula chako?"

"Hapana, nasema tu."

"Mtu akija kuuliza wembe wa babake na mimi nimeutupa, nitamwambia nini? Nitamwambia ulikula nafasi?"

Nyekundu akarudi kwenye hadithi zake za lori.

Kuhusu kukopesha nyembe hakuwa na huruma hata kwa watu wa nyumbani kwake. Hii nilihadithiwa na Nyekundu, lakini baadaye nilithibitishiwa na binti mwenyewe wa Kinyozi. Asubuhi ya harusi ya huyo binti, stima ilipotea mtaa mzima. Bwana harusi akaja kibandani mbio, uso haujanyolewa, suti tayari, msimamizi anapiga honi nje. Mashine haiwezi kufanya kazi. Akaangalia ukuta, nyembe zimejaa.

"Baba, chukua yoyote tu. Leo ni leo."

"Wako uko wapi?"

"Sina wembe, baba. Nioshee huo kwa spiriti."

"Huo ni wa Nyekundu."

Nyekundu alikuwa pale pale kwenye benchi, amevaa koti la harusi. Akasema, "Mzee, mimi nakubali. Mpe mtoto wembe."

"Wewe unakubali," Kinyozi akasema. "Wembe umekubali?"

Bwana harusi alioa na ndevu zake. Kwenye picha zote za kanisani Kinyozi amesimama karibu na mkwe wake, anakiangalia kile kidevu kwa uchungu kama mtu aliyeibiwa.

Sasa nije kwa wembe wangu.

Kusema kwamba nautaka kulinichukua muda mrefu kuliko inavyofaa kusema hapa. Maneno nilikuwa nayo tayari, lakini kila nikiketi kwenye kiti yalishuka tumboni. Mwishowe niliyasemea ndani ya taulo, akinipangusa uso.

"Mzee, nataka msumari."

"Unataka nini?"

"Msumari."

Nyekundu akasema kutoka kwenye benchi, "Anataka kujenga?"

Watu wakacheka. Kinyozi hakucheka. Alikunja taulo, akaangalia shingo yangu na vipele vyake, kisha akaangalia ukuta. Kwa kweli aliuangalia ukuta. "Tafuta wembe," akasema. "Usininunulie mimi. Jinunulie wewe. Ukiupata, uulete niusikilize."

Jumapili nikaenda soko la Muthurwa, upande ule wanaotandaza magunia chini na kuuza vitu vilivyotoka majumbani mwa watu: vijiko, kufuli zisizo na funguo, miwani, koleo. Kijana mmoja alikuwa na wembe wenye mpini mweupe uliochorwa farasi. Chuma chake kiling'aa nikajiona meno.

"Niaje, brathe. Hiyo ni ya ng'ambo."

"Ni kali?"

"Kali? Hiyo ukiiangalia vibaya inakunyoa."

Nikaununua. Kesho yake Kinyozi aliufungua, akaulaza juu ya kioo kidogo, akaugusa kwa kidole. Ukayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Kisha akaugonga kwa ukucha. Ulitoa sauti ya mfuniko wa kopo.

"Huu ni mzuri," akasema. "Utapaka siagi kwenye mkate."

Nilitamani kuingia chini ya benchi. Lakini aliniketisha akanionyesha, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuniambia kwa mara moja. Kwamba wembe ukilazwa kwenye kioo usiyumbe, kwa sababu mgongo uliopinda haunyooki. Kwamba kutu ya juu juu ni vumbi tu, lakini kutu yenye mashimo imeshakula ndani. Kwamba nipitishe uzi wa pamba kwenye makali, na ukinasa mahali, hapo pana pengo. Kwamba niugonge kwa ukucha na nisubiri, na kama sauti inakaa hewani kabla ya kuisha, hicho ni chuma. "Na uushike ukiwa umefungwa," akasema. "Ukihisi unataka kuufungua uwaonyeshe watu, urudishe. Huo ni wa kuonyesha."

Nilirudi Muthurwa Jumapili nyingi. Nililaza nyembe za watu kwenye vioo vya saa kuukuu mpaka wauzaji wakaanza kunijua. "Yule wa kugonga amekuja," walisema. Mwishowe niliupata kwa mama mmoja aliyeuza visu vya jikoni. Ulikuwa mweusi, mpini wa pembe una ufa. Haukuyumba. Uzi haukunasa. Nilipougonga ulilia, na nikasikia ukilia hata baada ya mama kuanza kuongea.

"Huo umezeeka, mwanangu. Chukua kisu kipya."

"Huu tu, mama."

Nilipaswa kuupeleka moja kwa moja kwa Kinyozi. Lakini ulikuwa mweusi mno. Nikafikiria misumari yote ile, na wangu ukining'inia pale kama kipande cha mkaa, na Nyekundu akiuliza kama nimeuokota jikoni. Kwa hivyo Jumatatu niliupeleka karakana, na wenzangu walipokwenda kula nikachukua msasa laini. Nikaupiga upande huu na upande ule mpaka ukawa mweupe. Na kwa sababu katika kazi yetu kona kali ni kosa, maana mtoto atajigonga kwenye kitanda aumie, mkono wangu ulifanya wenyewe kile unachofanya kila siku. Ulipitisha msasa kwenye makali, mara mbili hivi, kuondoa kona.

Ulitoka uking'aa kama kijiko cha harusi. Niliupeleka jioni nikiwa na furaha.

Kinyozi aliufungua. Akaugusisha ukucha wa kidole gumba. Akaugusisha tena.

"Umeufanya nini?"

"Nimeupiga msasa, Mzee."

"Mpaka kwenye makali?"

"Kidogo tu. Kuondoa kona."

Nyekundu alipiga goti lake. "Ameondoa kona ya wembe," akamwambia fundi wa viatu kupitia ukutani. "Umesikia? Kijana ameondoa kona ya wembe." Fundi wa viatu akauliza ni kona gani wembe unayo, na Nyekundu akamwambia, "Sasa hauna."

"Kwenu mnaondoa kona?" Kinyozi akaniuliza.

"Kwa vitanda. Mtoto asijikate."

Hapo akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Kicheko kilianza mabegani na kikachukua muda kufika mdomoni, na alilazimika kuuweka wembe chini. "Basi," akasema akijipangusa macho, "huu ndio wembe salama kuliko wote Nairobi. Hata mtoto anaweza kulala nao."

Nilinyoosha mkono niuchukue niondoke. Akauondoa karibu nami. "Acha hapa. Chuma bado kipo, makali tu ndiyo yamekwenda matembezi."

Aliunoa kwenye kinoo, lile jiwe lake la kijivu alilolimwagia maji, kati ya mteja na mteja, kwa wiki kadhaa. Kila jioni nikitoka kazini nilipita pale. Sikuingia. Nilisimama kwa mama wa mboga nikajifanya nachagua sukuma wiki, nikasikiliza ile sauti ya jiwe. Wembe ulizidi kuwa mwembamba, kwa sababu makali mapya ilibidi yatoke ndani zaidi, lakini hakuwahi kunilaumu. Siku moja aliniita kupitia dirishani kana kwamba alijua muda wote nipo.

"Wewe wa sukuma. Leta uzi."

Nyumbani mama alifungua sanduku akatoa sweta yangu ya shule ya msingi, ile ya rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, akafumua uzi kwenye mkono. Alifumua mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisema nikate mwenyewe. Kisha akamwambia jirani mlangoni, "Mtoto wangu amepata msumari," na jirani hakuelewa, na mama hakumweleza.

Nyekundu alilalamika kwamba rangi hiyo inakaribia yake. "Huyu ananiiga."

"Wewe ni nyekundu," Kinyozi akasema. "Huyu ni Damu ya Mzee. Damu ya Mzee, keti."

Nikaketi. Akashusha wembe wangu, akazima redio, akainua kidole. Sabuni ilikuwa ya moto kidogo. Nakumbuka uzito wa mkono wake juu ya kichwa changu, unanigeuza, na harufu ya spiriti na chai, na wote kwenye benchi wamenyamaza kwa ajili yangu. Nakumbuka karatasi ikichanwa taratibu chini ya sikio langu. Nilipotoka sikuinua kola.

Alininyoa kwa wembe huo mara hiyo moja tu.

Siku chache baadaye vibanda vyote vya upande ule vilipakwa alama ya rangi nyekundu, ile ya kubomolewa. Waliopaka walisema mtaro wa maji ya mvua utapita pale. Watu walisema alama kama hizo zimewahi kupakwa na mvua ikazifuta. Siku vilipobomolewa mimi nilikuwa napeleka kitanda na wenzangu, na niliporudi nilikuta mabati yamekunjwa na watu wa kuokota wanabeba zile mbao na misumari yake. Fundi wa viatu aliniambia Kinyozi alizishusha nyembe zote jioni iliyotangulia, akazitia kwenye mkebe wa biskuti, na akaondoka nao kifuani.

Kisha nikaanza kusikia habari zake. Alionekana mtaa wa Umoja, anagonga malango na ule mkebe. Alionekana Buruburu, anaulizia mjane wa fulani. Alikuwa anarudisha nyembe kwa miguu, mtu baada ya mtu. Nyekundu alinisimamisha njiani akanionyesha wake mfukoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Alikataa hata kuingia ndani," akasema. "Alinipa akaenda. Wewe umepata wako?"

Sikuwa nimepata. Jumapili nilikaa nyumbani nikingoja. Kila aliyegonga mlango nilidhani ni yeye. Kijani alipata. Mpaka watoto wa marehemu walipata. Nikaanza kufikiri kwamba labda wembe ulioondolewa kona haukuhesabiwa na zile nyingine, au kwamba mtu aliyenyolewa mara moja si mtu wa pale. Nyumba ya binti yake, alikokuwa anaishi, niliijua, haikuwa mbali, lakini ningeenda kusema nini?

"Unangoja nini?" mama akaniuliza.

"Labda amenisahau."

"Basi nenda ukamkumbushe. Kwani miguu umeazima?"

Binti alifungua lango nusu. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Ni Damu ya Mzee." Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Lakini yeye alifungua lango lote akaita kuelekea ndani, "Baba, yule wa kona amekuja."

Alikuwa ameketi kwenye baraza dogo, begi limefungwa karibu na miguu yake. Alikuwa anarudi kwao Ukambani kesho yake. Macho yalikuwa yameingiwa na ukungu, na niligundua kwamba hakunitambua mpaka nilipomsalimu. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimefunikwa na sahani. Alikuwa anangoja ipoe, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka na ya moto ingemmwagikia. Sikujua nitazame wapi.

"Mzee, kwa nini hukuniletea?"

"Wale wengine wangekuja wenyewe?" akasema. "Hawangekuja. Wewe nilijua utakuja." Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nimekupa mpaka kesho."

Akafungua mkebe. Hakuangalia nyuzi, hangeziona. Alipapasa nyembe moja moja kwa kidole gumba mpaka akafika kwenye ule mwembamba. "Huu hapa. Salama kuliko wote."

Nikamwomba aninyoe, mara ya mwisho kabla ya kusafiri. Akainua mkono wake mbele yangu ili niuone ukitetemeka, akauacha hapo hewani mpaka nikaelewa. Kisha akamwambia binti alete maji ya moto, sabuni na kioo. "Utanyoa wewe," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Binti alitoka akaenda kuomba izimwe. Nikapaka povu, nikafungua wembe, nikauinua haraka.

"Usikimbize," akasema, amefumba macho. "Uso hauendi mahali."

Nikaanza shavuni. "Umebana. Ulaze kidogo." Nikaulaza. "Sasa unasikia?" Nikasikia. Ilikuwa ile karatasi, na ilikuwa inatoka mkononi mwangu. Nilifika shingoni kwenye vipele, nikaenda polepole, na akasema, "Hapo umejikata," kabla mimi sijahisi. Kweli tone lilikuwa limeanza. Nilipomaliza alipitisha kiganja chake kwenye uso wangu wote, shavu, kidevu, shingo, na mkono huo haukutetemeka ulipokuwa juu yangu, au labda sikuuhisi.

Kisha akanisukumia mkebe.

"Hawa sikuwapata. Miguu imekataa na macho yamekataa. Huko kwetu hakuna atakayekuja kuwaulizia."

"Mimi nitawapata wapi, Mzee?"

"Sijui. Si ulienda shule? Andika."

"Naandika polepole sana."

"Polepole ni sawa," akasema, akachukua chai yake, akaigusa kwa mdomo, akairudisha chini. Ilikuwa imepoa sana.

Hiyo ndiyo sababu ya karatasi hizi. Namba ya simu aliyoniachia haipatikani tena, na ya binti hujibu kwamba baba yuko salama nyumbani na anawasalimu. Mimi nimepigilia misumari kwenye ukuta wa chumba changu, juu ya kitanda. Jioni nikinyoa nazima redio ya mama, na yeye husubiri.

Zimebaki nyembe tatu. Mmoja una mpini wa rangi ya maziwa, umemegeka mwishoni, mahali kidole kidogo hukaa. Mmoja ni mkubwa na mzito, chuma chake kina doa jeusi karibu na shina, na kwenye mpini mtu amechonga ndege kwa kisu. Wa tatu ni mdogo, mpini wa mbao uliotengenezwa kwa mkono na mtu aliyejua mbao, nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo. Rangi za nyuzi zake sizisemi. Mwenye wembe anaijua yake, na kama ni babako aliyefariki, labda mamako anakumbuka sweta au shuka lililofumuliwa.

Kama mmoja kati ya hizo ni wenu, niandikieni, mnitajie uzi. Anayechapisha karatasi hizi atanifikishia. Na kama huna wembe hapa, lakini uliwahi kuketi kwenye kile kiti kisichozunguka na kuitwa rangi yako, niandikie hata wewe, unieleze alikuita nani. Msiogope mwandiko mbaya. Nitasoma hivyo hivyo, polepole, redio nikiwa nimeizima.